Vipimo vya Kale vya Mionzi

Wazee wa Usambara walioujua mji wa Lushoto kwa jina la Wilhelmstal walizoea kuona vipimo vikibadilika. Rupia ya Wadachi ilikuwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 ikahesabiwa kuwa hela 100. Rupia ni ile ile, ila mgawanyo wake ni mwingine. Pishi nayo ilikuwa na tabia yake: kila mahali iliitwa pishi, na kila mahali ilikuwa vibaba vinne, walakini pishi ya soko moja haikulingana sawasawa na pishi ya soko jingine. Jambo la kwanza ni hesabu tu. La pili ni la hatari, kwa kuwa jina moja hudanganya.

Mambo hayo mawili yamewapata pia wataalamu waliopima mionzi ya matibabu. Twataka kuyaeleza, maana wako watu wa milima yetu wanaoshuka mpaka hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa saratani kwa mionzi hiyo.

Bwana Röntgen aliivumbua mionzi yake mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Waganga wakaanza kuitumia kabla hawajajua kuipima. Kipimo chao kilikuwa ngozi ya mgonjwa: ikigeuka nyekundu, walisema amepata kiasi chake. Kipimo hicho kilikuwa kibaya sana. Wekundu hukawia siku nyingi kutokea, watu nao hawalingani. Tena katika ngozi nyeusi hauonekani upesi. Twaona waliokibuni hawakutufikiria sisi hata kidogo.

Mwaka 1902 Bwana Holzknecht wa Vienna alitengeneza vidonge vya chumvi vilivyobadili rangi vikipigwa na mionzi, akakiita kipimo chake H. Miaka miwili baadaye Bwana Sabouraud na Bwana Noiré wa Paris wakatumia visahani vidogo vilivyogeuka kutoka rangi ya majani mabichi hata rangi ya udongo. Hao walikuwa wakitibu mapunye ya watoto: walitaka kiasi cha kuangusha nywele bila kuunguza kichwa. Ikafaa kwa kazi ile, lakini jicho la mtu si mizani.

Baadaye wakapima umeme ambao mionzi huuamsha hewani. Hapo ndipo ilipotokea habari ya pishi. Mwaka 1924 Bwana Behnken wa Berlin alitoa kipimo akakiita R. Mwaka 1925 Bwana Solomon wa Paris akatoa chake, naye akakiita R. Kumbe R ya Berlin ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili kuliko ile ya Paris! Basi mganga wa Berlin aliyefuata kitabu cha Paris, asijue tofauti hiyo, angempa mgonjwa zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichokusudiwa, na kumwunguza. Na mganga wa Paris aliyefuata kitabu cha Berlin angempa chini ya nusu, uvimbe usipone. Mwaka 1928 wataalamu walikutana Stockholm wakapatana juu ya rontgeni moja ya mataifa yote, ikawa karibu sawa na ile ya Berlin.

Hata hivyo rontgeni hupima hewa, haipimi mwili. Mvua ni moja, lakini shamba la bonde na shamba la mwambani hayanywi maji sawa. Kwa hiyo mwaka 1953 kikatolewa kipimo cha nguvu inayonywewa na mwili wenyewe, kikaitwa radi (wala si radi ya mawingu). Katika nyama ya mwili rontgeni 1 huwa pungufu kidogo ya radi 1. Katika mfupa, kwa mionzi dhaifu ya mashine za zamani, rontgeni hiyo hiyo yaweza kuwa radi 4 hivi.

Mwaka 1975 radi ikapokewa na grei, kwa jina la Bwana Gray, Mwingereza. Hapa tumerudi kwenye rupia na hela: grei 1 ni radi 100 kamili, na siverti 1 ni remi 100. Kitabu cha zamani kikisema radi 200 kwa siku, soma grei 2. Picha ya kifua huhesabiwa kuwa kama milisiverti 0.1, yaani miliremi 10.

Lakini mtu akikuta karatasi ya kale yenye herufi R peke yake, asigawanye kwa 100 akaridhika. Kwanza atazame mwaka wake, ikiwa ni kabla ya 1928 au baada yake. Kisha mji ilikoandikwa, na kama mionzi ile ilipita katika nyama au katika mfupa.