Diafonia: Asili na Mabadiliko ya Maana ya Neno la Ukinzani wa Sauti

Katika historia ya muziki wa Ulaya lipo neno ambalo maana yake ilikaribia kugeuka kuwa kinyume cha ilivyokuwa. Neno hilo ni diafonia. Makala haya yanafuatilia mabadiliko yake kutoka Ugiriki ya kale hadi karne ya 11, na kuonesha kwamba anayelitafsiri kwa maana moja tu hupotosha kauli za waandishi wa kale.

Kwa asili, neno hili ni la Kigiriki. Limeundwa kwa dia, lenye dhana ya kutengana, na phōnē, yaani sauti. Kinyume chake ni simfonia, sauti zinazokwenda pamoja. Wafuasi wa Pythagoras walishikilia kwamba sauti mbili hupatana pale urefu wa nyuzi unapokuwa katika uwiano wa namba ndogo, kama vile 2 kwa 1, 3 kwa 2 au 4 kwa 3. Sauti zisizopatana ziliitwa diafonia. Wanafalsafa nao walilitumia neno hilohilo kwa mgongano wa rai.

Mwanzoni mwa karne ya 6, Boethius, aliyeandika kwa Kilatini, alitumia istilahi dissonantia kwa mgongano wa sauti unaokera sikio. Katika karne ya 7, Isidore wa Sevilla bado alieleza diafonia kuwa ni sauti zinazohitilafiana. Mabadiliko yanajitokeza katika karne ya 9, kwenye risala iitwayo Musica enchiriadis, ambayo mwandishi wake hajulikani. Humo, diafonia ni jina jingine la organum: uimbaji ambao sauti ya pili huandamana na wimbo wa kanisa, hasa kwa umbali wa noti nne au tano. Guido wa Arezzo alilitumia vivyo hivyo katika Micrologus, karne ya 11.

Je, hilo lilikuwa kosa? La hasha. Guido mwenyewe alieleza kuwa sauti hizo hutengana, lakini hupatana katika kutengana kwake. Dhana ya utengano ilibaki. Iliyoondoka ni dhana ya ugomvi.

Kwa hiyo, mfasiri anayeandika “ukinzani” kila aonapo diafonia atamfanya mwandishi wa karne ya 9 aulaani uimbaji uleule aliokuwa akiufundisha. Neno hili halina budi kusomwa kwa kuzingatia karne yake.