Informatiki ku chuo kikuu: juu gani wasichana walikuwa wanaacha masomo?

Mwaka 1995, ku chuo kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, wasichana walikuwa asilimia 7 tu ya wale walioingia mwaka wa kwanza wa informatiki. Na hao wachache walikuwa wanaacha masomo kuliko wavulana. Mwaka 2000 walioingia walifika asilimia 42. Mtihani wa hesabu haukulegezwa.

Kazi ilianza na kuuliza. Mtafiti Jane Margolis na Allan Fisher, mmoja wa wakubwa wa kitivo hicho, walizungumza na wanafunzi zaidi ya 100, wengine mara kwa mara, kwa muda wa miaka ine.

Waligundua kwamba mambo yanaanzia nyumbani. Ordinatere ya kwanza ya familia mara nyingi iliwekwa kwenye chumba cha kijana mwanaume. Yeye anaifungua, anaiharibu, anaitengeneza. Dada yake anaipata wakati kaka ametoka. Wote wawili wakifika chuoni, kijana anaongea maneno ya mashine sawa mutu aliyezaliwa nayo, na msichana anawaza: mimi sina akili ya kazi hii. Hata mwenye pointi nzuri alikuwa anawaza vile. Hapo ndipo inauma, kwa sababu mtu anaondoka bila kushindwa.

Tena, wasichana wengi walitaka kujua mashine inasaidia nini: hospitali, shule, mazingira. Masomo ya mwanzo yalikuwa programu juu ya programu.

Chuo kikabadilisha mambo. Kuwa umekwisha kuandika programu mbele ya kuingia hakukupewa tena uzito mkubwa. Mwaka wa kwanza ukapewa milango mbalimbali, kila mtu anaanzia pale anapofikia, kisha wote wanakutana mbele. Walimu wa shule za sekondari wakaitwa kufundishwa wakati wa likizo. Kuanzia 1999, profesa Lenore Blum alisaidia wasichana kuwa na kikundi chao, wakubwa wakiongoza wadogo, juu kuingiza watu ni kitu kimoja, kuwabakisha ni kingine.

Chuo cha Harvey Mudd, kule California, kilifuata njia ya karibu na hiyo kuanzia 2006: wanaoanza walitenganishwa na wenye kujua tayari, na wale wanaopenda kujibu kila swali waliitwa pembeni kwa upole, profesa akawaomba waache wengine nao waongee.

Lakini rangi ya ngozi na mtaa ni swali lingine. Mwaka 2008 Margolis alitoa kitabu juu ya shule tatu za sekondari za Los Angeles. Kwenye shule za watoto weusi na wa asili ya Amerika ya Latini, ordinatere zilikuwa zimejaa chumba. Somo lililokuwa linafundishwa mule lilikuwa, zaidi sana, mambo ya mwanzo tu kama kupiga taipu.