Shamba darasa

Shamba darasa (wingi: mashamba darasa) ni njia ya kutoa elimu ya kilimo ambapo kikundi cha wakulima hujifunza pamoja shambani kwa msimu mzima, tangu kupanda hadi kuvuna. Mtaalamu anayeongoza kikundi huitwa mwezeshaji. Kazi yake si kutoa maagizo, bali kuwagawia wakulima ujuzi wake mpaka waweze kuamua wenyewe bila kumtegemea.

Historia

Njia hii ilianza nchini Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Kabla ya hapo, mpunga wa nchi hiyo ulikuwa umeharibiwa vibaya na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu (Nilaparvata lugens). Wakulima walikuwa wamezoeshwa kupulizia dawa, lakini dawa hizo ziliua pia buibui na wadudu wengine wanaomla mdudu huyo, naye akazidi kuongezeka. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika kilimo cha mpunga. Kwa kuwa hali ya kila shamba ni tofauti, ilibidi mkulima mwenyewe ajue kulichunguza shamba lake.

Katika Afrika ya Mashariki njia hii ilienea katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 ulianza mradi wa majaribio uliofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Ilitumika pia Zanzibar.

Jinsi linavyoendeshwa

Kwa kawaida kikundi huwa na wakulima 20 hadi 30, nao hukutana mara moja kwa wiki. Hulima vipande viwili: kimoja kwa desturi yao, kingine kwa njia mpya. Kila wanapokutana huchunguza mimea, wadudu, udongo na hali ya hewa, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, hujadiliana, kisha huamua la kufanya. Mwishoni hulinganisha mavuno na gharama za vipande vyote viwili.

Mkulima akiuliza, "Huyu ni mdudu gani?", mwezeshaji hakimbilii kutaja jina. Humrudishia swali: umemkuta wapi, na alikuwa anafanya nini? Pengine mdudu hufungiwa ndani ya chupa pamoja na jani, ili wote waone kama analila au la. Hivyo mkulima hujifunza namna ya kutafuta jibu, na msimu ujao hatalazimika kumsubiri bwana shamba.

Baadhi ya wahitimu huwa wawezeshaji na kuanzisha vikundi vipya.

Matokeo na changamoto

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Kenya, Tanzania na Uganda ulionyesha kuwa mashamba darasa yaliongeza uzalishaji na kipato, na kwamba wanawake na wakulima wenye elimu ndogo walinufaika pia. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2004 kuhusu Indonesia haukuona ongezeko kubwa la mavuno wala upungufu mkubwa wa matumizi ya dawa.

Changamoto nyingine ni gharama, kwa kuwa mwezeshaji mmoja huhudumia watu wachache kwa muda mrefu. Pia mtaalamu aliyezoea kuhutubia huweza kuligeuza shamba darasa kuwa darasa la kawaida. Hapo wakulima husikiliza tu, na akiondoka hubaki walivyokuwa.