Avignon: Mji Ulionunuliwa, Watu Walioulizwa

Kusini-mashariki mwa Ufaransa kuna eneo liitwalo Provence. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya jimbo, kwani Warumi walikwisha kulitawala kabla ya kuiteka nchi nyingine ya Wagali. Ni nchi ya jua, mizabibu na mizeituni, yenye upepo mkali wa kaskazini uitwao mistral. Kila kiangazi wageni humiminika huko kutazama uwanja wa Kirumi mjini Arles na ukumbi wa maonyesho wa Orange. Majengo hayo yanastahiki sifa zake. Lakini kwa anayejifunza uraia, mji wenye somo zito zaidi ni Avignon.

Msomaji akisimama leo kando ya mto Rhône mjini humo, ataona daraja la mawe linaloishia katikati ya maji. Hapo kale lilikuwa na matao 22. Mafuriko yaliyabomoa, yakabaki 4. Ng'ambo, upande wa Villeneuve, pamesimama mnara wa wafalme wa Ufaransa. Kwa karne nyingi mto huo ulikuwa mpaka wa nchi mbili jirani: aliyevuka daraja alitoka katika milki ya mfalme na kuingia katika milki ya Papa.

Papa alifikaje huko? Tangu mwaka 1309 hadi 1377, Mapapa 7 walikaa Avignon badala ya Roma. Eneo la mashambani lililouzunguka mji, liitwalo Comtat Venaissin, lilikuwa mali ya Kanisa tangu 1274, lakini mji wenyewe ulikuwa wa watawala wa Provence, ambao pia walikuwa wafalme wa Napoli. Kwa hiyo Papa alikuwa mgeni. Mwaka 1348 Malkia Joanna, aliyekimbia Napoli baada ya kuvamiwa na mfalme wa Hungaria, alihitaji fedha. Papa Clement VI akaununua mji wote kwa florini 80,000 za dhahabu. Mgeni akawa mwenye nyumba, na waliomo ndani wakahesabiwa pamoja na kuta. Hakuna aliyewauliza, mwaka huohuo tauni ilikuwa ikiwafyeka kwa maelfu.

Hapa inafaa kulitazama neno letu wenyewe. "Raia" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Leo tunalitumia kwa mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Safari ya neno hilo, kutoka kondoo hadi mwananchi, ndiyo safari ya watu wa Avignon.

Mapapa waliporudi Roma, waliacha wawakilishi wa kutawala. Tusiwaonee: utawala wao haukuwa mbaya kuliko wote. Kodi zilikuwa nafuu kuliko za mfalme jirani, na wachapaji wa Avignon walitajirika kwa kunakili vitabu vya Ufaransa bila idhini ya mtu. Hata Wayahudi, waliofukuzwa Ufaransa mwaka 1394 na Provence mwaka 1501, waliruhusiwa kubaki katika nchi ya Papa. Lakini ruhusa si haki. Katika Avignon, Carpentras, Cavaillon na L'Isle-sur-la-Sorgue walibanwa katika mitaa ambayo milango yake ilifungwa usiku, na wanaume walilazimishwa kuvaa kofia ya njano. Mtaa haukuruhusiwa kupanuka, basi nyumba zikapanda juu, orofa juu ya orofa. Sinagogi la Carpentras, lililoanza kujengwa mwaka 1367, lingali likitumika.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalivuka daraja upesi. Mwezi Juni 1790 watu wa Avignon walimfukuza mwakilishi wa Papa na kuomba kuunganishwa na Ufaransa. Carpentras, uliokuwa makao makuu ya Comtat, haukukubali. Miji miwili iliyotenganishwa na mashamba tu ikapigana, na jeshi la Avignon likauzingira mji wa jirani zake.

Bunge mjini Paris lilikuwa katika mashaka. Kuchukua ardhi ya mtawala mwingine kwa nguvu ndiyo desturi ya wafalme iliyokuwa ikilaaniwa. Likatuma wapatanishi, na katika kiangazi cha 1791 wakazi wakakutana mji kwa mji, kijiji kwa kijiji, kusema wanataka kuwa wa nani. Wengine walichagua Papa, wengine hawakupiga kura, wengi walichagua Ufaransa. Tarehe 14 Septemba 1791 Bunge likatangaza muungano. Ni miongoni mwa mara za kwanza katika Ulaya ya zama hizi kwa ardhi kubadili dola kwa kuwauliza wakazi wake, badala ya hati ya mauzo, mahari au vita.

Hata hivyo, kura hiyo ilipigwa huku silaha zingali mikononi, na wanawake hawakuhesabiwa. Uhasama nao haukuisha kwa tangazo. Mwezi Oktoba 1791 umati ulimuua karani wa mji, mfuasi wa Ufaransa, ndani ya kanisa. Wenzake walilipiza kisasi kwa kuwaua wafungwa wapatao 60, wanaume kwa wanawake, na kuitupa miili yao ndani ya mnara wa kasri la Mapapa. Mgeni anayelipa kiingilio leo kutazama vyumba vya kasri hilo hupita karibu na mnara huo, aghalabu bila kujua.

Papa mwenyewe alikubali kuiachilia nchi hiyo katika mkataba wa Tolentino, mwaka 1797. Lakini kwa Wayahudi wa Carpentras mambo yalikuwa yamebadilika mapema. Siku 13 tu baada ya muungano, tarehe 27 Septemba 1791, Bunge liliwatambua Wayahudi wote wa Ufaransa kuwa raia. Milango ya mitaa haikufungwa tena usiku. Katika miaka iliyofuata, familia nyingi zilifungasha mizigo zikahamia miji mikubwa, na zile nyumba ndefu zikabaki na wakazi wachache.