Mtihani wa Kiingereza kwa kompyuta: faida na hasara kwa watahiniwa wa Kajiado

MWUGUZI, mwanafunzi au fundi wa Kaunti ya Kajiado anayetaka kwenda kusoma au kufanya kazi Uingereza, Kanada au Australia aghalabu hutakiwa kwanza athibitishe kwamba anakijua Kiingereza. Haijalishi kwamba alifundishwa kwa lugha hiyo tangu darasa la nne hadi chuoni. Kenya haimo katika orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani huo wanapoomba viza.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2021. Julai mwaka huo, Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa ajira ya wahudumu wa afya. Miezi michache baadaye, Bw Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 wa kwanza waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio waliopita. Kejeli zilikuwa nyingi. Waliocheka hawakujishughulisha kuuliza mtihani wenyewe hufanywaje.

Mtihani unaojulikana zaidi humu nchini ni IELTS, ulioanzishwa mwaka 1989 na ambao huendeshwa kwa ubia wa British Council, shirika la IDP na Chuo Kikuu cha Cambridge. Una sehemu 4: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama hutolewa kwa vipimo vya hadi 9. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, hudai 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Aidha, NMC hukubali OET, mtihani uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, ambao humtaka mwuguzi aandike barua ya kikazi kuhusu mgonjwa badala ya insha ya kawaida.

Kwa miaka mingi IELTS ilifanywa kwa penseli na karatasi. Mfumo wa kompyuta ulianza kuenezwa mwishoni mwa miaka ya 2010. TOEFL, mtihani wa shirika la ETS la Marekani, ulikuwa umetangulia: ulianza mwaka 1964 kwa karatasi, ukaingizwa katika kompyuta mwaka 1998, bara la Afrika likiwemo, na mwaka 2005 ukahamia kwenye intaneti.

Faida ya kwanza ya kompyuta ni kasi ya matokeo. Anayefanya IELTS kwa karatasi husubiri siku 13. Wa kompyuta hupata alama zake katika siku chache tu. Kwa mtu ambaye chuo kimempa tarehe ya mwisho ya kupeleka vyeti, tofauti hiyo yaweza kuwa mwaka mzima wa masomo. Isitoshe, vikao vya mtihani wa kompyuta huandaliwa mara nyingi zaidi, na kila mtahiniwa husikiliza kwa visikizi vyake, badala ya kutegea kinasa sauti kilichowekwa mbele ya ukumbi.

Katika kuandika, kompyuta humhesabia mtahiniwa maneno. Insha moja huhitaji maneno 150 na ya pili 250, na aliyewahi kuhesabu maneno kwa ncha ya penseli huku saa ikiyoyoma anajua nafuu hiyo. Aya yaweza kuhamishwa na sentensi kufutwa bila kuchafua karatasi.

Kuna manufaa mengine ambayo wengi hawayajui. Tangu mwaka 2022, katika nchi ambako huduma hiyo imeanzishwa, aliyefanya IELTS kwa kompyuta anaweza kurudia sehemu moja tu iliyomwangusha, mradi afanye hivyo katika muda wa siku 60. Wa karatasi hurudia mtihani wote. Hata hivyo, si kila taasisi hupokea cheti cha aina hiyo, kwa hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Hasara nazo hazilingani kwa watu wote, na hapa Kajiado yenyewe ni kielelezo. Kitengela, takriban kilomita 30 kutoka Nairobi, ni mji wa saiba, vyuo vya kompyuta na vijana waliozoea kibodi tangu sekondari. Anayeishi huko huabiri matatu asubuhi na kufika kwenye chumba cha mtihani jijini kabla ya saa ya kuanza. Mwuguzi wa zahanati karibu na Loitokitok yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi. Atahitaji nauli na malazi, na huenda kazi yake ya kila siku ni ya kujaza madaftari kwa kalamu. Wawili hawa wakiketi mbele ya skrini moja, hawapimwi Kiingereza pekee. Mmoja anapimwa pia vidole.

Insha mbili zina dakika 60. Mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja atakuwa na mawazo mazuri yasiyomalizika. Isitoshe, kompyuta ya mtihani haimsahihishii tahajia, jambo linalowashangaza waliozoea simu inayowakamilishia maneno. Katika kusikiliza, mtahiniwa wa karatasi hupewa dakika 10 za kunakili majibu yake. Wa kompyuta hupewa 2 za kuyapitia.

ETS iliyatambua mashaka haya mapema. Uchunguzi wake wa mwaka 1998, uliohusisha takriban watahiniwa 90,000 wa TOEFL, ulionyesha kwamba asilimia 16 walikuwa na mazoea madogo ya kompyuta. Utafiti ulioufuata ulihitimisha kwamba wakipewa mafunzo mafupi kabla ya mtihani, pengo kubwa halionekani. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini mtihani wa wakati huo ulitegemea zaidi kubofya majibu kuliko kuandika kurasa.

Utafiti mwingine wa ETS, wa mwaka 1994, uligundua jambo la ajabu zaidi: insha ileile ilipata alama za chini kidogo ilipopigwa chapa kuliko ilipoandikwa kwa mkono. Sisi tunaohariri magazeti hatushangai. Kosa lililofichwa na mwandiko hujitokeza waziwazi kwenye chapa safi.

Katika kuzungumza, mitihani hutofautiana sana. IELTS humkutanisha mtahiniwa na mtahini kwa dakika 11 hadi 14, ana kwa ana au kwa video. TOEFL humfanya aongee na maikrofoni, nayo PTE ya kampuni ya Pearson, iliyoanza mwaka 2009, hutegemea programu kusahihisha matamshi. Mwaka 2017 daktari wa mifugo kutoka Ireland, aliyezaliwa katika Kiingereza, alipata 74 katika ufasaha wa kuzungumza kwenye PTE huko Australia, ilhali alihitaji 79. Pearson ilikana kwamba mfumo wake una dosari. Mwenye lafudhi ya Kimaasai au Kikamba ana haki ya kujiuliza.

Wala mashine haizuii udanganyifu. Februari 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilifichua wadanganyifu waliokuwa wakifanyiwa na watu wengine mtihani wa TOEIC wa ETS nchini Uingereza. Programu ya kutambua sauti, pamoja na wasikilizaji, ilitilia shaka asilimia 97 ya mitihani takriban 58,000, na maelfu wakafutiwa viza. Baadhi walishinda rufaa baada ya miaka ya kuhangaika.

Mwandishi huyu anaona kwamba kompyuta inamfaa anayeweza kupiga chapa insha ya maneno 250 katika dakika 40 bila kuangalia kibodi kila mara. Asiyeweza, na aghalabu ni mtu wa umri wa makamo aliye mbali na mji, atafute kwanza mwezi mmoja au miwili ya mazoezi, au achague karatasi palipo na nafasi hiyo. Ada ya mtihani ni makumi ya maelfu ya shilingi, na hairudishwi kwa sababu mtu ameanguka.

Matokeo ya IELTS, TOEFL na PTE kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2 pekee. Anayeharakisha mtihani kabla ya kupata chuo au mwajiri huenda cheti kikamwishia mkononi, alipe upya na kuanza safari nyingine ya Nairobi.