Jezi ya Mchezaji Msiyemjua Pia ni Historia

Agosti 2024, jezi ya besiboli ambayo Babe Ruth alivaa kwenye fainali za 1932 iliuzwa kwa mnada huko Marekani. Bei? Zaidi ya dola milioni 24. Sawa, ni jezi ya gwiji. Lakini kitu cha Ruth hakiwezi kupotea, kila mtu anajua thamani yake. Mimi nawaza vitu vya Gift Ngoepe.

Najua mnauliza, huyo naye ni nani?

Ngoepe alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1990. Alikulia ndani ya klabu ya besiboli huko Randburg, kwa sababu mamake alifanya kazi pale na chumba chao kilikuwa hapo hapo. 2008 akasainiwa na Pittsburgh Pirates, kisha akasota miaka kwenye ligi za chini. Mamake akafariki 2013. Tarehe 26 Aprili 2017 ndiyo akaitwa ligi kuu, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika huko. Mara yake ya kwanza kushika gongo, akaupiga mpira wa Jon Lester wa Chicago Cubs, waliokuwa mabingwa watetezi, akafika kituo cha kwanza salama.

Baada ya hapo? Alimaliza mwaka huo na mechi 28 za Pirates, akacheza 13 na Toronto Blue Jays mwaka uliofuata, basi. Jumla mechi 41.

Sasa jiulize, mtu wa mechi 41 anaacha vitu vingapi? Magongo machache, kofia, glavu, jezi kadhaa. Hapa ndipo wanaingia wale watu huchagua mchezaji mmoja asiye na jina kubwa na kusaka kila kitu alichotumia uwanjani. Wengine huwaona kama wazimu. Mimi naona wanafanya kazi ya makumbusho bila mshahara.

Na si rahisi, kwa sababu matapeli wamejaa. Miaka ya 90 FBI walifumua genge la kughushi sahihi, na kati ya vitu vilivyopatikana kulikuwa na mipira ya besiboli yenye sahihi feki ya Mother Teresa! Mwaka 2001 ligi kuu ikaanzisha mpango wake. Kila mechi kuna shahidi, wengi wao polisi au waliostaafu, anayebandika stika yenye namba kwenye mpira au jezi mara tu inapotoka uwanjani. Ukiingiza hiyo namba kwenye tovuti yao, unaona ilitumika mechi gani.

Kitu napenda ni kwamba stika haijali jina. Mpira ambao Ngoepe aliukosa kabisa unaweza kuandikwa kwa makini sawa na ule nyota ameupiga hadi nje ya uwanja.

Shida ni ile miaka yake ya ligi za chini, ambako stika hizo hazikufika. Huko mkusanyaji anabaki na picha za zamani, analinganisha doa, mshono na mkwaruzo mpaka aamini kwamba jezi ni ile ile. Akichoka, ile jezi inarudi kuwa nguo kuukuu tu, na kipande cha safari ya Mwafrika wa kwanza kimeenda nayo.

Kwa hivyo mkisikia mtu amenunua kofia yenye jasho la mchezaji hamjawahi kumsikia, msicheke haraka. Muulizeni kwanza ni ya nani.