Ile "Jumlisha Moja"

Kadi ya kliniki ya shangazi yangu iliandikwa 0+1. Ukijua lugha ya manesi wetu, unaelewa: watoto waliozaliwa, sifuri, mimba iliyotoka, moja. Hiyo moja ilitokea Bungoma, ikiwa na miezi minne. Alisafishwa asubuhi, jioni akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kundi lake la damu. Alikuja kulijua Kitale, kwa mimba ya pili: O hasi. Mume wake ni chanya.

Mambo haya yalianza kueleweka mwaka wa 1939. Huko New York, Levine na Stetson waliandika kuhusu mama aliyejifungua mtoto mfu, kisha akaongezwa damu ya mumewe na mwili ukaikataa. Mwaka uliofuata Landsteiner na Wiener wakaripoti rhesus, jina walilolitoa kwa tumbili. Kumbe damu ya mtoto aliye chanya ikimwingia mama aliye hasi, mwili wa mama unatengeneza kingamwili za kuishambulia. Mimba ya kwanza mara nyingi haina shida. Ila mwili hausahau, hata kama mimba hiyo ilitoka, na kingamwili zinamsubiri mtoto anayefuata. Kabla ya hapo, mwanamke aliyepoteza watoto mfululizo aliambiwa ni mkosi, ni jicho la mtu. Majirani zetu Wajaluo wana jina Owiti, "aliyetupwa", la mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa, ndiyo kifo kisimtamani.

Dawa ilijaribiwa kwa wanaume, tena wafungwa! Miaka ya 60, madaktari wa New York waliwadunga wafungwa waliojitolea katika jela ya Sing Sing, huku wenzao wa Liverpool wakifanya majaribio yao. Wakuu wa jela waliruhusu ziara kila baada ya siku tatu, na ndiyo sababu mpaka leo tunaambiwa sindano ya anti-D ichomwe ndani ya saa 72. Mwaka wa 1968 ilianza kuuzwa. Inazuia tu: kingamwili zikishaumbika, haizifuti.

Shangazi alipopimwa Kitale, tayari zilikuwepo. Binamu yangu alizaliwa kabla ya siku zake, macho ya manjano, akalala chini ya taa za buluu siku tisa na kubadilishwa damu mara moja. Yuko darasa la tatu, msumbufu sana.

Kadi sasa inasoma 1+1. Shangazi hajajaribu tena.